Dagaa wa Mama Eufrazia

Jumapili, 4 Julai 1999

Daftari hili nimepewa na mke wangu Theopista. Karudi nalo kanisani. Padri kawaambia kila mtu aandike kila siku jambo moja la kumshukuru Mungu. Theopista anasema yeye anayo mengi ila hana nafasi ya kuandika, mwenye nafasi ni mimi. Namshukuru Mungu kwa mke asiye na maneno mengi. Hilo limekwisha. Sasa mambo ya maana.

Leo ilikuwa kaseti nyingine ya Sauti Kumi kwa Sixte. Sauti Kumi ni mashindano ya kuimba ya televisheni ya Dar es Salaam. Huku Mpanda ukiwasha televisheni unaona chenga tu. Lakini shemeji yake Sixte, Yotham, yuko Dar, anarekodi kila wiki na kutuma kaseti kwa treni. Sixte ana banda, ana deki, ana jenereta, ana televisheni ya rangi. Jumapili saa tisa mchana mtaa wetu wote wa Misunkumilo uko pale.

Na mimi nina kiti. Wengine benchi, mimi kiti chenye mgongo, kando kabisa ya televisheni. Kiingilio silipi, kwa sababu mimi ndiye mchambuzi. Mwimbaji akimaliza, Sixte anasimamisha kaseti, mimi nataja kasoro zake, watu wanacheka, kaseti inaendelea. Sijasomea. Nina masikio. Nilichunga ng'ombe wa baba miaka kumi na miwili. Mtu anayeweza kutofautisha ndama anayelia njaa na ndama anayelia kwa kudeka hashindwi na waimbaji wa Dar. Mwalimu Hezron wa kwaya ya Moravian naye hujaribu kuchambua. Anasema do re mi. Watu wanapiga miayo. Ndiyo maana yeye ana benchi.

Wamebaki wanane. Rafaeli, yule kijana wa suti nyeupe, kaimba vizuri, nikamwachia. Kisha akaja binti anaitwa Eufrazia, wakasema ni wa mkoa wetu wa Rukwa. Nikamsikiliza kwa haki. Kila mwisho wa mstari pumzi inamwishia, sauti inaanguka. Wakati huo tulikuwa tunakula dagaa. Mtu kapitisha kapu zima, wa kukaanga, watamu ajabu. Kwa hiyo mfano ulikuja wenyewe. Nikasema sauti ya binti huyu imeanikwa juani siku tatu, imekauka, kimebaki kichwa na macho. Nikashika dagaa mmoja, nikamwinua juu watu wamwone. Nikasema huyu hapa, mpigieni makofi.

Hakucheka mtu.

Theopista kanifinya paja. Nikageuka. Nyuma yangu kakaa mama mmoja wa makamo, kavaa kitenge kipya cha safari, kapu tupu magotini. Sixte kanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Huyo ni Mama Eufrazia. Katoka Ikola juu ya lori, siku mbili, aje amwone mwanaye ambaye hajamtia machoni miaka miwili. Dagaa ni wake. Kawakaanga mwenyewe kuwashukuru watu wa Misunkumilo kwa kumtazama mtoto wake.

Yule dagaa bado nilikuwa nimemshika. Sikujua nimrudishe au nifanyeje. Nikamla.

Jumatatu, 5 Julai

Namshukuru Mungu kwamba kumekucha.

Sixte kaja asubuhi. Ni mtu mpole, tangu ahamie hapa kutoka Katumba sijamsikia akipandisha sauti. Kasema, kaka Luhende, kile kiti nimekiondoa kwako mpaka yule mama akusamehe. Nikamuuliza kimekwenda wapi. Kaangalia chini. Kasema amekikalia Mwalimu Hezron.

Nikaenda kumwomba radhi Mama Eufrazia. Kafikia kwa dada yake nyuma ya soko. Nilimkuta anachambua mchele. Nikapiga magoti, nikashukuru kwa dagaa, nikasifu chumvi yake, nikasema ulimi wangu una matatizo tangu utoto. Hakukasirika. Bora angekasirika. Kasema, baba, sina kinyongo na wewe, ila moyo wangu haupo hapa, uko Dar es Salaam na huyo mtoto. Kasema mtoto aliondoka nyumbani na miaka kumi na saba, kwenda kumsaidia shangazi yake kazi za ndani, na tangu hapo hajala naye sahani moja. Siku nitakayomwona anashuka kwenye treni ya Mpanda, kasema, siku hiyo njoo tuzungumze, na kiti chako nitakuombea mwenyewe kwa Sixte.

Nikatoka pale nimeelewa kila kitu. Anataka mwanaye arudi. Na mtoto atarudije kwa mama yake kama si kwa ushindi, na kombe mkononi? Kwa hiyo Eufrazia ashinde. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kiti kiko njiani.

Jumatano, 7 Julai

Theopista ni Mpimbwe wa Usevya. Kwao mashindano ni ya kwaya, na mshindi anaamuliwa na watu watatu wenye kalamu. Namheshimu, ila sisi Wasukuma hatuna hizo kalamu. Kwetu baada ya mavuno ngoma mbili zinaingia uwanja mmoja, siku moja, saa ile ile. Hii upande huu, ile upande ule. Watu wanakwenda wanakopenda. Jua likishuka unaangalia wapi kumejaa. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Hakuna jaji, hakuna kulalamika.

Sasa Sauti Kumi ni kitu kile kile. Kinachotakiwa ni Eufrazia akiimba, watu wawe wengi mbele yake kuliko mbele ya Rafaeli. Nilipomweleza Theopista, kauliza watu wawe wengi hapa, na yeye yuko Dar? Nikamwambia uso wake uko hapa, sauti yake iko hapa, sasa kilichobaki Dar ni nini? Kaendelea kupepeta. Nikajua niko sawa.

Nikachukua baiskeli mpaka kwa mjomba Makoye, saa mbili za vumbi. Mjomba ndiye kiongozi wa ngoma, na mwezi huu wa saba ndio wao. Nikamwomba aje Jumapili na ngoma zake, apige nje ya banda la Sixte, aite watu kutoka soko, kutoka stesheni, kutoka popote, waingie kumwona Eufrazia. Mjomba kauliza swali moja tu, kama kutakuwa na chakula. Nikasema kipo. Namshukuru Mungu kwa wajomba.

Kuhusu chakula bado sijamwambia Theopista.

Jumapili, 11 Julai

Mjomba kafika na watu ishirini na wawili. Nilimwomba ngoma. Hakuniambia kwamba mwaka huu kaongeza na chatu.

Niandike kwa utaratibu. Banda lilijaa mapema, hata nje watu walisimama. Mama Eufrazia kakaa mbele. Mwalimu Hezron kwenye kiti changu, kavuka miguu. Mimi mlangoni, maana ndani sina ruhusa. Rafaeli akaimba, watu kama mia. Nikawahesabu. Nikasema sawa, subiri. Eufrazia alipotokea na gauni lake la kijani, nikampungia mjomba mkono.

Ngoma zikaanza. Zilipigwa vizuri, sitasema uongo. Watu wakaja kutoka soko, wakaja kutoka stesheni, wakaja na wengine waliokuwa wanatoka klabuni. Nikawa najaribu kuwasukuma waingie ndani, huku nasema huku jamani, mambo yako huku. Hapo hapo mjomba akafungua kikapu chake. Mtu mmoja ndani ya banda akasema chatu. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Lakini banda lote lilisikia.

Walitoka wote. Wengine kwa mlango, wengine waliinua turubai la ukutani. Watoto walipita katikati ya miguu yangu. Mjomba alivyoona umati ule akafurahi, akajizungushia yule chatu shingoni, akacheza kama kijana. Watu walishangilia mpaka vumbi likafunika jua. Ushindi mkubwa. Tatizo ni kwamba ulikuwa wa chatu.

Nikachungulia ndani. Eufrazia anaimba, anaimba kwa moyo wote, na mbele yake kuna watu wawili: mama yake na Mwalimu Hezron. Kwa hesabu ya kwetu, hiyo ni kushindwa ambako hata wajukuu wangeambiwa.

Wametolewa watatu, wamebaki watano. Eufrazia yumo, lakini wa tano. Ni chatu huyo.

Watu ishirini na wawili wamekula mchele wote wa Theopista aliokuwa ameuweka wa kuuza. Alipika, akapakua, akawanawisha mikono kwa heshima, hata mjomba alisema huyu mwanamke ulimpata wapi. Namshukuru Mungu kwa huyu mwanamke, na leo sisemi kwa sababu ya Padri.

Jumanne, 13 Julai

Ajabu. Mama Eufrazia kaleta kapu la dagaa nyumbani. La kwangu mimi. Kampa Theopista, kasema mpe Baba Kija, mwambie nimeona alichofanya, nashukuru sana.

Nimekaa nao mbele yangu, siwaelewi. Nimemharibia mtoto wake mbele ya mji mzima, analeta dagaa. Ni huruma. Kaona nilivyojaribu, kaona nilivyoaibika, kasema maskini, apate kitoweo. Wapo watu wa namna hiyo duniani. Nilitokwa na machozi kidogo. Kisha nikala. Huyu mama lazima nimlipe wema wake. Mtoto wake atashinda hata kama mimi nitafungwa.

Sixte kasema ngoma marufuku mita mia kutoka bandani. Chatu mita mia tano.

Jumapili, 18 Julai

Sikuhitaji ngoma tena. Nilipata akili nyingine nikiwa naoga. Kama huwezi kuongeza watu wa Eufrazia, punguza watu wa Rafaeli. Rafaeli akianza kuimba, jenereta izimike. Televisheni giza, hakuna anayemtazama, hesabu yake sifuri. Akishapita, jenereta inawaka, Eufrazia anatazamwa na banda zima. Safi, bila chakula.

Jenereta iko nyuma ya banda, chini ya mti wa mlimao. Nikajibanza pale. Rafaeli kaanza, nikafunga bomba la mafuta. Ikakohoa, ikazima. Ndani watu wakalalamika. Nikahesabu mpaka mia tatu, muda wa wimbo mmoja. Sixte kaja mbio, kakagua, kafungua bomba, kawasha. Nikapeleka sikio kwenye ukuta.

Rafaeli alikuwa pale pale. Neno lile lile alilokuwa nalo mdomoni.

Kumbe kaseti inasubiri. Hili hakuna aliyewahi kuniambia. Na si kusubiri tu, watu walidai wimbo uanze upya kwa sababu wamelipa, Sixte karudisha nyuma, Rafaeli kaanza tena tangu salamu. Nikafunga bomba tena. Sixte kawasha tena. Karudisha tena. Mara tatu. Mara ya tatu watu wote walikuwa wameshaujua wimbo, wakaimba naye, kina mama wakapiga vigelegele. Katika mashindano yote haya hakuna mtu aliyepata watu kama Rafaeli wa leo, na nimempatia mimi.

Halafu akaja Eufrazia. Nikasimama mbali na jenereta, mikono mgongoni, simgusi mtu. Ikazima yenyewe. Kule kuwasha na kuzima kumemaliza petroli.

Watu wakatawanyika. Sixte kanikuta chini ya mlimao. Kaniangalia, kaangalia bomba, kaniangalia. Kasema, kaka, na mimi nakupenda, lakini sasa kaa mbali hata na jenereta. Namshukuru Mungu kwamba hakuongeza neno. Kanipa mkono kabla ya kuondoka.

Jumatatu, 19 Julai

Kapu jingine la dagaa. Kubwa kuliko la kwanza. Salamu ni hizo hizo, nashukuru, Mungu akuzidishie.

Sijui nifanye nini na wema wa huyu mama. Unanilemea. Nimemuuliza Theopista, kasema pengine wewe nenda kamuulize. Nitaanzaje kumuuliza mtu kwa nini ananihurumia.

Sixte kapata petroli, mchana wamemalizia kaseti. Mimi nilisikiliza kutoka barabarani. Wawili wametoka. Wamebaki watatu, na Eufrazia yumo. Tena pumzi yake sasa inafika mwisho wa mstari. Nikatabasamu peke yangu pale barabarani.

Jioni Mwalimu Hezron kapita na baiskeli yake, kasimama, kaniambia kwa sauti ya darasani kwamba amesoma karatasi iliyobandikwa kwenye kaseti. Ile ya jana ilirekodiwa tarehe 27 mwezi wa sita. Kwa hiyo, Luhende, kasema, haya mashindano yalishakwisha Dar. Mshindi anajulikana. Wewe unaziba mto ambao umeshafika ziwani.

Nikamuuliza kama yamekwisha, mshindi ni nani? Kasema yeye hajui. Nikasema wewe hujui, mimi sijui, Sixte hajui, mama yake mtoto hajui, sasa yamekwisha kwa nani? Kapanda baiskeli yake. Mwalimu mzima.

Hata hivyo namshukuru. Kwenye kiti changu kaweka mto mdogo, nikirudi nitaukuta.

Jumapili, 25 Julai

Fainali. Niandike yote.

Nilikuwa nimeapa kutofanya lolote. Si kwa sababu ya Hezron, ni kwa sababu akili zilikuwa zimekwisha. Nikakaa nje kwenye gogo na Theopista. Yeye angeweza kuingia, kakataa. Kasema atakaa nilipo. Ndani watu wengi kuliko siku zote, na hakuna aliyewaita. Wengine wametoka hata Usevya, kwa malori ya mchele.

Rafaeli kaimba. Dada mmoja wa Tanga kaimba. Kisha Eufrazia. Wimbo wa kumsalimu mama. Sikuwa namwona, nilikuwa nasikia tu kupitia turubai, na sikuwa na cha kusema. Mimi, Luhende, sikuwa na cha kusema. Nikamkumbuka mama yangu kule Maswa. Tulipohama na ng'ombe mwaka wa tisini na moja alibaki na dada yangu, alisema miguu yake haitaki safari. Alinisindikiza mpaka kwenye mnyaa wa mwisho wa ua wa boma. Miaka minane. Nimesema nitamwandikia barua kesho.

Wakatangaza. Wa kwanza Rafaeli. Wa pili yule wa Tanga. Eufrazia wa tatu, kati ya watatu.

Ni mimi. Nilimpa Rafaeli watu wake mara tatu. Nikainuka niondoke kabla watu hawajatoka, niende hata kwa mjomba nikakae na chatu. Theopista kanishika shati.

Mama Eufrazia katoka mbio. Kanifuata mimi moja kwa moja. Nikafumba macho. Akanishika mikono yote miwili, akapiga magoti kwenye vumbi, mama mwenye umri wa shangazi yangu, akalia na kucheka pamoja. Kasema, baba umenirudishia mtoto.

Sikuelewa. Ikabidi Mwalimu Hezron anieleze, na alieleza kwa uchungu, maana yeye ndiye aliyemsomea mama barua. Eufrazia aliandika tangu mwezi wa sita. Mshindi wa kwanza na wa pili wanafungwa mkataba na bendi huko Dar, miaka mitatu, hakuna kutoka. Wa tatu anapewa cherehani na nauli ya kurudi kwao. Mama wa watu aliomba kila siku mtoto asishindwe kwa aibu, na asishinde. Wa tatu tu. Hakuweza kumwambia mtu, angeambiwa anamwonea wivu mwanaye mwenyewe.

Ile siku ya chatu, mama kamuuliza mjomba Makoye nini maana ya mambo haya. Mjomba kamweleza, kwetu penye watu ndipo penye ushindi. Mama kaona mimi nimesimama mlangoni, watu wote wametolewa nje mtoto wake akiimba. Kasema moyoni, huyu baba kajua bila kuambiwa. Ile ya jenereta ndiyo ikamhakikishia.

Nilitaka kusema ukweli. Naandika hapa mbele za Mungu, ukweli ulifika mpaka kwenye meno. Lakini mama alikuwa ameshika mikono yangu, Misunkumilo yote inaangalia, na Mwalimu Hezron yupo. Nikasema, mama, ni kazi ndogo tu, tunamshukuru Mungu.

Theopista kanitazama. Kisha akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu mwanetu Kija azaliwe.

Alhamisi, 29 Julai

Treni imeingia asubuhi, ile ambayo Yotham alitupigia simu kwamba Eufrazia yumo. Stesheni hakuna pa kukanyaga. Kwaya ya Hezron, kina mama wa kanisani kwa Theopista, mjomba na ngoma zake, kikapu kimefungwa kamba kwa amri ya Sixte.

Eufrazia kashuka na sanduku la bati, nyuma yake kijana wa stesheni kabeba cherehani kichwani. Ni mdogo kuliko kwenye televisheni. Mama yake hakupiga kelele. Alimwendea, akamshika uso kwa viganja viwili, akamwangalia meno, akamwangalia masikio, kama anahakikisha wamemrudisha na vitu vyake vyote. Kisha akamuuliza kama amekula. Basi. Mimi ndiye niliyelia, na sioni aibu kuandika.

Tulikula kwa dada yake, nyuma ya soko. Wale wawili sahani moja. Mama kasema mbele ya wote kwamba amenisamehe tangu zamani, na Sixte akasema kiti ni changu. Hezron kakubali, ila kasema mto ni wake.

Nilijua litakuja. Binti kaniita, kasema, baba, mama kaniambia kile ulichosema ile siku ya kwanza, kuhusu dagaa. Nikaanza kupiga magoti, sasa nimezoea. Kanizuia. Kasema majaji wa Dar nao walimwita pembeni baada ya wimbo ule ule, wakamwambia hayo hayo, kwamba pumzi inamwishia mwisho wa mstari. Kajifunza kupumua upya, ndiyo maana akafika fainali. Kasema, shikamoo baba, na asante, masikio yako ni mazuri. Ila mfano wako ulikuwa mbaya.

Namshukuru Mungu kwa mtoto wa namna hii. Kanifundisha kitu kikubwa leo. Kabla ya kufungua mdomo, mtu aangalie nani yuko nyuma yake, na anakula cha nani. Nimemwambia Theopista maneno hayo. Kasema niandike, nisije nikasahau. Nimeandika.

Jumapili, 8 Agosti

Sikukuu ya Nane Nane. Barua ya mama bado, wino umekwisha, nitaandika kesho.

Yotham katuma kaseti za mashindano mapya, Sauti Kumi ya pili. Nimekaa kwenye kiti changu. Hakuna raha kama mgongo wa mtu kukutana tena na mgongo wa kiti chake. Eufrazia kakaa benchi la mbele na mama yake, wanasafiri kesho kwenda Ikola, cherehani imeshafungwa kwenye lori. Sixte kafurahi. Theopista kafurahi. Hata Hezron kanipa ule mto, kwa leo tu. Nimeshukuru kila mtu kwa jina.

Wa kwanza kaimba, nikachambua kwa heshima. Wa pili, kwa heshima. Wa tatu ni kijana mrefu, wanasema wa Mishamo, humu humu mkoani kwetu, anafumba macho akiimba. Nikamsikiliza kwa haki. Koo linamkaza kwenye sauti za juu, na mabega yanapanda mpaka masikioni. Nilikuwa natafuna karanga, mtu alikuwa amezipitisha kwenye ungo, mbichi za kuchemsha, na mfano ukaja wenyewe. Nikabonyeza karanga moja mpaka ganda likapasuka, nikawaonyesha watu. Nikasema kijana huyu anaimba akiwa bado ndani ya ganda, na mkimtoa mtakuta ameoza.

Sixte kasimamisha kaseti. Theopista kanifinya paja, pale pale pa siku ile.

Sikugeuka. Nilichukua karanga nyingine, nikaimenya polepole. Tamu, chumvi imekaa sawasawa. Nikauliza, kwa heshima zote, ni nani aliyetuletea.